Yoti ya Mtumba



Jana usiku kijana wetu mmoja alituma video kwenye grupu ya kanisa. Yoti kubwa ya kifahari inauzwa, imetumika miaka michache tu. Ina bwawa la kuogelea juu ya deki na mahali pa helikopta kutua. Chini yake ameandika: "Naipokea kwa imani! Andika Amina uipokee pamoja nami." Nilipoamka saa kumi na moja kwa maombi, Amina zilikuwa zimejaa simu. Mama mmoja wa Phase 2, ambaye najua boti pekee aliyowahi kupanda ni feri ya Likoni, alikuwa ameandika tatu.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, na nitawaambia kwa nini.

Mpendwa, wanaonunua vyombo hivi hawaanzi na Amina. Mnunuzi huweka amana, mara nyingi asilimia 10 ya bei, kisha yoti hupelekwa majini kujaribiwa. Baadaye huinuliwa nje ya maji, mkaguzi aligonge-gonge tumbo lake, na oili ya injini hupelekwa maabara ionyeshe kama chuma kinalika ndani. Akinunua, ndipo gharama zinaanza: nahodha, fundi wa injini, mpishi, bima, mafuta, pa kuegesha. Makadirio ya haraka ya watu wa kazi hiyo ni kwamba utunzaji hula kama sehemu moja ya kumi ya bei kila mwaka. Ya shilingi bilioni 1 inakudai milioni 100 kwa mwaka, hata ikikaa tu bandarini. Nani kati yetu aliipokea hiyo milioni 100 kwa imani?

Na msidhani haya ni ya wazungu tu. Mwaka 1866 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Majid bin Said, alinunua meli ya mtumba. Sifanyi mzaha. Ilijengwa Scotland, ikashushwa majini mwaka 1863 kwa jina Sea King, ikiwa na mifupa ya chuma, mbao za msaji, matanga kamili na injini ya mvuke. Mwaka uliofuata majimbo ya kusini ya Marekani, yaliyokuwa vitani yakitetea utumwa, yaliinunua kwa siri yakaiita Shenandoah. Ikazunguka dunia ikikamata meli 38, nyingi za wavuvi wa nyangumi, na kuziteketeza karibu zote. Vita vikaisha huko nyumbani, yenyewe bado iko kaskazini kwenye barafu inachoma meli za watu! Novemba 1865 ikajisalimisha Liverpool, serikali ya Marekani ikakabidhiwa, ikaiuza. Hebu fikiria logibuku ya chombo hicho.

Majid akaipa jina lake, El Majidi. Mwaka 1870 akafariki, na ndugu yake Barghash akairithi pamoja na kiti. Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzitupa meli za Sultani ufukweni, El Majidi ikiwa mojawapo. Miaka 6 tu tangu inunuliwe.

Sisemi Mungu alimwadhibu mtu. Hata Yehoshafati, mfalme aliyempenda Bwana, meli zake za kwenda kuchukua dhahabu Ofiri zilivunjika kabla hazijasafiri. Someni 1 Wafalme 22:48. Halafu someni Luka 14:28, polepole. Mimi nimeuhubiri mstari huo mara nyingi, na sikuutii.

Mnakumbuka lile gari langu jeusi la Kijerumani. Mliliombea, mkalipaka mafuta. Bei yake ilikuwa chini kuliko Probox, nami nikaita hiyo kibali cha Mungu. Fundi aliomba 3,000 alikague kabla sijalipa. Nikaona ni kukosa imani. Baada ya miezi mitatu sasipensheni ya hewa ilikufa pale Spine Road, gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Spea moja tu ilitaka kodi yetu ya nyumba ya miezi minne. Kijana wangu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mama Mchungaji hakunilaumu hata kidogo. Alianza tu kuamka saa tisa kupika mandazi ya kuuza, na wengi wenu mliyanunua mkidhani ni huduma mpya.

Hilo ni deni langu. Linaloninyima usingizi ni jingine.

Nilitoa ushuhuda wa gari lile madhabahuni, nikainua funguo juu, mkashangilia. Gari lilipokufa, sikurudi madhabahuni. Ndugu mmoja aliyekuwa na kibanda cha nguo kule Kayole aliusikia ule wa kwanza. Akachukua mkopo, akaweka kibanda kuwa dhamana, akanunua gari kama langu. Kibanda kimekwenda. Tangu Novemba hajaingia kanisani. Alhamisi nilienda kwake, jirani akaniambia amehama na watoto. Simu inalia, haipokelewi.

Ndugu yangu, kama bado unasoma kurasa hizi, hukukosa imani. Ni mimi niliyekusimulia nusu ya habari. Gari nimelitangaza kwa bei ya vyuma chakavu, na likiuzwa pesa hizo ni za kibanda chako. Mama Mchungaji amekubali. Nipigie hata usiku wa manane.

Nawe kijana wa video, usiifute. Jumapili, ibada ya pili, nitaomba dakika kumi nisimulie ile nusu iliyobaki. Njoo na simu yako, tuwaonyeshe watu yoti kwanza.