Ndege ya Vita Mbele ya Watoto Wetu

Sisi wazazi wa darasa la Jumamosi hapa Coventry, Uingereza, ambao wengi wetu asili yetu ni Mombasa, Tanga na Unguja, tulibishana majuma matatu kabla ya kukubaliana kuwapeleka watoto Midland Air Museum, makumbusho ya ndege yaliyo kijijini Baginton, kando ya kiwanja cha ndege cha mji wetu. Ubishi haukuhusu nauli. Ulihusu Avro Vulcan, dege kubwa lenye mabawa ya pembetatu, lililoundwa wakati wa Vita Baridi ili kubeba bomu la nyuklia. Baadhi yetu tulishikilia kwamba mtoto hapelekwi kustaajabia chombo kilichokusudiwa kuteketeza mji mzima. Wengine tulijibu kwamba asipokiona akiwa na wazazi wake, atakiona peke yake katika michezo ya simu, ambamo mabomu hayana maiti. Hoja hii ya pili ilishinda, kwa shida.

Makumbusho hayo yanaendeshwa na watu wanaojitolea. Waliotupokea walikuwa wazee wastaafu, wasiolipwa hata senti, na hao hao ndio wanaosugua kutu, kukata tiketi na kuwafundisha wanafunzi. Aliyewafundisha wetu hakuanza na Vulcan. Alipuliza puto, akaliachia, likaruka ovyo juu ya vichwa vya watoto. Kisha akawaeleza kwamba injini ya jeti ni puto lililotiwa adabu: hewa huvutwa kwa mbele, hushindiliwa, huchanganywa na mafuta na kuwashwa, na gesi ya moto inapofyatuka kwa nyuma ndege husukumwa mbele. Sehemu ya nguvu ya gesi hiyo huzungusha mapanga yanayoendesha kile kishindilio cha mbele. Hata sisi wakubwa, tuliokwisha kupanda ndege mara nyingi kwenda na kurudi nyumbani, tulikuwa hatujapata kuelezwa hivyo.

Aliyeibuni injini hiyo hapa Uingereza, Frank Whittle, alizaliwa Coventry mwaka 1907. Jeshi la anga lilimkataa kwa ufupi wa kimo chake kabla ya kumpokea mwaka 1923. Mwaka 1930 aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, lakini wizara husika haikuvutiwa. Mwaka 1935 haki hiyo ikapotea kwa kutolipiwa ada ya pauni 5. Binti mmoja akauliza, “Pauni 5 tu?” Mzee akajibu, “Tu.” Injini ya Whittle ilinguruma kwa mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1937, na ndege iliyofungwa injini yake ikaruka tarehe 15 Mei 1941.

Baina ya tarehe hizo mbili, usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, ndege za Ujerumani ziliuchoma mji huu wa Coventry, wakafa watu zaidi ya 500. Kuta tupu za kanisa kuu la zamani zingali zimesimama, nasi huzipita tukiwa katika shughuli zetu za mjini.

Tulipofika chini ya Vulcan, mvulana wa miaka tisa aliuliza swali tulilolihofia: limeua wangapi? Mzee alisema ndege ile haikuwahi kudondosha bomu vitani. “Basi waliiunda ya nini?” Mzee alikaa kimya kidogo, akasema, “Ili tuogopane.” Hakuongeza neno, nasi hatukuongeza.

Wakati wa kuagana alituuliza kama vijana wetu wangependa kuja siku za Jumapili kujifunza kazi, kwani magoti yake hayamruhusu tena kupanda ngazi. Wawili wamekwisha kuanza. Wamepewa brashi ya waya na magurudumu ya Argosy yenye kutu. Wale wetu tuliopinga safari tuliuliza kwanza Argosy ni ndege gani, na tulipoambiwa kwamba ni ya mizigo tuliwanunulia glavu.