Kwa mpwa wangu: wasikilize na waliotoka shambani

Mpwa wangu Zuhura,

Nimeisoma rasimu ya tasnifu yako juu ya dini, lugha na haki ya ardhi kwetu huku Rumonge, Burundi, na nimefurahi sana kwamba umechagua jambo linalowauma watu hadi leo. Neno langu ni moja. Orodha yako ya watakaohojiwa ina waliohunguka peke yao, yaani wakimbizi wa 1972 waliorudi na watoto wao. Waweke na wale walioambiwa watoke ili wenyewe warudi. Usipowasikia hao, utakuwa umeandika kilio cha kweli, lakini haki yenyewe utakuwa hujaichunguza.

Unajua yaliyotokea. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi wa Wahutu ulizuka hapa kusini, Rumonge hadi Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Kisha dola likawageukia Wahutu nchi nzima, wasomi kwanza, likaua watu wengi sana. Walionusurika wakakimbilia Tanzania, wengi wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao ya michikichi hayakukaa matupu. Mengine serikali iliwagawia watu wengine kwa karatasi, mengine yakauzwa na kuuzwa tena, mengine yakaporwa tu. Sheria ya ardhi ya 1986 ikampa nguvu mtu aliyekalia shamba miaka 30, ilhali mkataba wa amani wa Arusha wa 28 Agosti 2000 ukasema mkimbizi arudishiwe mali yake, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Aliyehunguka alishika mkataba, mkaaji alishika sheria, na shamba lilikuwa lile lile.

Hapo ndipo dini inapoingia, na rasimu yako imepapita haraka mno. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliundwa 2006 na kuongozwa na Padri Astère Kana. Wakati wake ilipendelea pande mbili zigawane shamba. Kuanzia 2011 akaongoza Monsinyori Sérapion Bambonanire, na tume ikaelekea kumrudishia aliyehunguka shamba zima. Wote wawili walikuwa mapadri wa Kanisa moja, wakisoma Injili moja. Basi tofauti yao ilitoka wapi? Kwenye imani, kwenye siasa ya wakati ule, au kwenye namna kila mmoja alivyoelewa kosa na maridhiano? Na misikitini, ambako mdai na mdaiwa huweza kusimama safu moja siku ya Ijumaa, kulisemwa nini? Swali hilo peke yake lingetosha kubeba tasnifu nzima.

Mwalimu wako anaweza kusema kwamba kuwasikiliza wakaaji ni kumlinganisha aliyedhulumiwa na aliyefaidi. Pingamizi hilo ni zito na lazima ulijibu ndani ya kazi yako. Mimi naona hivi: aliyepora shamba akijua mwenyewe amefukuzwa, aliyepewa na serikali, na mjane wa aliyenunua kwa jasho lake hawana kosa moja. Wala si kila mara ni kabila moja dhidi ya lingine, kwa maana wako Wahutu walioshitakiana na Wahutu wenzao. Ukiwaita wote "wavamizi", umehukumu kabla ya kuuliza. (Usiwasahau wanawake, kwa kuwa mila yetu huwapa ardhi wana wa kiume, na binti aliyehunguka bila kaka hupata shida yake peke yake.)

Kuna kielelezo kizuri. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, katika kitabu chake Purity and Exile cha 1995, aliwasikiliza wakimbizi hawa hawa mahali pawili. Wa kambini Mishamo walishikilia historia moja ya taifa lao. Wa mjini Kigoma walichanganyika na wenyeji, wengi hawakutaka hata kuitwa wakimbizi. Angeishia Mishamo, angedhani wote wanakumbuka namna moja. Hata nyaraka zetu za kale zina pengo la aina hiyo: Mapadri Weupe walifika Rumonge 1879, wawili wao na msaidizi wao mlei wakauawa 1881, na barua za wamisionari zimehifadhiwa, lakini waliowaua hawakuandika chochote.

Wapo watakaokuonya usifukue ya 1972. Lakini yamekwisha kufukuliwa: Tume ya Ukweli na Maridhiano ilichimba makaburi ya halaiki, na Desemba 2021 ikatangaza kwamba Wahutu walifanyiwa mauaji ya kimbari. Kimya hakiwezekani tena. Linalowezekana ni kuwalinda wanaosema: ficha majina, ficha na kilima anachokaa mtu, maana hapa kilima kikitajwa mtu anajulikana.

Na hiki Kifaransa cha chuo kisikuzibe masikio. Wengi waliozaliwa Mishamo walisoma kwa Kiswahili, na wakaaji wengi watakueleza vizuri zaidi kwa Kirundi. Rekodi kila mtu kwa lugha yake, nukuu kama alivyosema, kisha tafsiri chini yake. Anzia kwa waliohunguka katika kijiji cha amani cha Mutambara, halafu mwombe mushingantahe, yaani mzee wa busara, wa hapo akuelekeze kwa familia zilizohamishwa. Uwaendee wewe mwenyewe, usitume mtu.

Mjomba wako,
Rumonge