Jina la Mwimbaji Limo Ndani ya Faili

Leo tupekue faili za muziki kidogo.

Mjomba wangu alinipa diski yenye nyimbo 600 hivi, nyingi alizihamisha kutoka kaseti. Kila faili iliitwa Track01, Track02 na kuendelea. Kuzifungua moja moja kungenimalizia wiki, kwa hivyo nikaingia kwenye terminali.

MP3 za zamani huweka habari za wimbo kwenye baiti 128 za mwisho wa faili. Mtindo huo, ID3, ulibuniwa na Eric Kemp mwaka wa 1996. Huhitaji programu maalum kuusoma:

tail -c 128 Track01.mp3 | strings

Ukiona TAG imegandana na jina la wimbo, una bahati. Baada ya herufi hizo 3, jina la wimbo lina baiti 30, mwimbaji 30, albamu 30, mwaka 4, maelezo 30 na aina ya muziki 1.

Baiti 30 zinabana. "Samba Mapangala & Orchestra Virunga" hukatwa ikabaki "Samba Mapangala & Orchestra Vi". Mwaka wa 1998 ikaja ID3v2, ambayo hukaa mwanzoni mwa faili na kupokea majina marefu. Hiyo isome kwa mid3v2, inayokuja na Mutagen ya Python:

mid3v2 -l Track01.mp3

Faili zisizo na TAG mwishoni nilizipata hivi:

for f in *.mp3; do tail -c 128 "$f" | head -c 3 | grep -q TAG || echo "$f"; done

Hizo nikazipitisha kwenye mid3v2 pia. Zikabaki 41 zisizo na jina popote, na tarakilishi haiwezi kusoma kisichoandikwa. Nikampigia mjomba simu, nikamchezea moja baada ya nyingine. Nyingi alizitambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa, kwa gitaa tu! Kila alipotaja, niliandika:

mid3v2 -a "Mwimbaji" -t "Wimbo" Track01.mp3

Nyimbo 6 zilimshinda. Rafiki yake aliyezirekodi alishafariki, na majina akaenda nayo.

Jina la faili hubadilishwa na yeyote anayeinakili, lakini lebo ya ndani husafiri na wimbo. Kama kwenu kuna diski ya namna hii, ijazeni wakati mwenye kujua angali hai.