Safari ya Majanji na Gari Lililopita Mikononi mwa Wengi

Mtu atokaye Tororo kwenda Majanji huteremka bila kujua kwamba anateremka. Mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kiko takriban mita 1,480 juu ya usawa wa bahari, humsindikiza kwa nyuma kitambo kirefu, kisha hupotea. Akishaupita mji wa Busia na malori yake, akashika njia ya Lumino, nchi huwa tambarare, mabonde ya mafunjo huongezeka, na mwishowe upepo humletea harufu ya dagaa kabla hajaliona ziwa. Hapo ndipo Majanji. Uganda inakomea majini, na ng'ambo ya ghuba, siku ya hewa safi, huonekana nchi ya Kenya upande wa Sio Port.

Ndugu msomaji, Majanji nimekwenda mara nyingi kwa kuwa ndiko nilikooa. Nimekwenda kwa taksi ya abiria, nimekwenda kwa pikipiki wakati barabara ilipokuwa bado ya changarawe na vumbi lake, na mara moja nilikwenda juu ya mifuko ya saruji. Siku hizi lami imefika. Barabara ile itokayo Musita kupitia Mayuge na Lumino hadi Busia, pamoja na tawi lake la Majanji, ni kilomita 104, nayo imebadilisha maisha ya watu wa mwambao. Lakini safari ninayotaka kuisimulia ni ile ya kwanza niliyokwenda kwa gari langu mwenyewe.

Gari hilo ni Toyota Prado la mwaka 1998, la injini ya dizeli ya lita tatu. Nililinunua kwa mtumishi aliyekuwa akihamia mbali, kwa akiba ya miaka sita na mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Nieleze hapa kwamba tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu lilipotengenezwa, na jirani zetu wa Kenya wao wameweka miaka 8. Kwa hiyo gari la umri kama wa langu haliingii tena. Yaliyopo ni yale yaliyoingia zamani, ambayo yamepita mikononi mwa watu watatu, wanne, watano, kila mmoja akiacha lake ndani ya injini. Najua wasomaji wengi walio makambini na katika nyumba za polisi wanayo magari ya namna hiyo, kwa maana nayaona yameegeshwa chini ya miembe yakiwa yamefunguliwa boneti.

Mwenye kuniuzia alinionyesha karatasi ndogo ya gundi chini ya boneti, yenye maandishi ya Kijapani na tarakimu. "Huu ndio ushahidi wa mkanda wa taimingi," aliniambia. "Umebadilishwa mwaka 18." Nilisoma 18, nikaona mwezi, nikaona kilomita 96,400. Nikaridhika. Mimi nina cheti cha ualimu na nilifundisha hesabu kabla ya kuhamishiwa ofisini. Tarakimu zikiandikwa vizuri huwa naziamini.

Fedha zilizobaki nikazitumia kulipamba gari. Niliondoa matairi yake ya kipimo cha 265/70 nikampa fundi, akanifungia makubwa ya 285/75 yaliyokwisha kutumika lakini yenye meno marefu. Nikaweka mbele bampa la chuma, na juu ya bampa safu ya taa sita zilizoziba nusu ya wavu wa mbele. Vijana wa Tororo walisimama kutazama. Mama watoto alilizunguka mara moja, akasema, "Umelivika viatu na kofia. Je, umelipa chakula?" Sikumjibu.

Safari yenyewe ilikuwa na sababu. Mama mkwe wangu alikuwa amepata mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na daktari wa Tororo alikuwa amempangia Jumatatu. Sasa kwa adabu ya huku, mkwe mume na mama mkwe hawasongamani. Hawaketi bega kwa bega wala hawapeani mkono. Katika taksi hakuna adabu hiyo, kila mtu husukumwa panapotosha. Prado lina safu tatu za viti. Nilikuwa nimeiona safari ile moyoni kwa miaka: mimi mbele, mama mkwe nyuma kabisa pamoja na binti yake, kiti kitupu katikati yetu, kila mtu na heshima yake.

Tuliondoka Ijumaa alasiri. Busia tulikawia kwa sababu ya malori, ingawa tangu kile kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa mwaka 2018 mambo yamepungua ugumu. Baada ya Lumino nikaongeza mwendo ili nionje lami. Mama watoto ndiye aliyesikia harufu kwanza, harufu tamu kidogo kama ya sukari iliyoungua. Nikatazama sindano ya joto: ilikuwa imepita nusu na ilikuwa ikipanda huku naitazama. Nikaegesha, nikazima, mvuke ukatoka pande zote za boneti.

Kijana mmoja alitokea na dumu la maji ya bondeni. Nilikuwa nimekwisha kushika kitambaa ili nifungue kifuniko cha rejeta, mke wangu akanivuta shati kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Usifungue! Hujakiona kifua cha baba?" Nilikuwa nimekiona, lakini nilidhani ni kovu la vita. Kumbe mwaka fulani, akiwa dereva wa jeshi, alifungua kifuniko cha rejeta ya lori likiwa bado moto.

Jambo hili tulilisoma chuoni, na hapo barabarani ndipo lilipopata maana. Maji huchemka nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari, lakini ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, na hapa maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndani ya rejeta kifuniko hubana maji kwa msukumo, nayo hupita nyuzi 100 yakiwa bado maji. Ukikifungua ghafula, msukumo unaondoka, na sehemu ya maji inageuka mvuke mara moja na kuruka usoni mwako. Kifuniko kilicholegea kina ubaya wa namna nyingine, maana kinaruhusu maji kuchemka mapema na kupotea kidogo kidogo kila siku. Changu kilikuwa kimelegea.

Tulingoja zaidi ya nusu saa, tukaongeza maji, tukaenda mwendo wa baiskeli hadi Majanji, taa sita zikimulika njia kwa fahari kubwa.

Nyumba ya baba mkwe sasa iko juu kidogo ya kilima. Ile ya zamani ilikuwa hatua chache kutoka mwaloni, lakini mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda kuliko lilivyopata kuonekana na likachukua vibanda na vyoo vya kandokando. Yeye alihama na mbao zake na hakutaka kurudi. Kutoka barazani pake usiku huo tuliziona taa za wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, hufuata mwanga, na wakati hakuna mwezi ziwa lote huwa kama mji uliojengwa gizani. Mzee hakusema lolote juu ya gari. Alilitazama mara moja tu, akaniuliza kama watoto wanasoma vizuri.

Saa kumi na mbili asubuhi alinigongea mlango. "Mwalimu, twende tukague."

Alianza chini. Alipiga magoti, akatazama ardhi chini ya injini kama kuna matone. Kisha akafungua boneti injini ikiwa baridi, akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukinusa. "Kama ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, ningekuambia uliuze kama vyuma. Maji yangekuwa yameingia katika oili. Ni nyeusi tu. Una bahati, injini hizi zikichemka sana silinda hedi hupasuka." Akakagua maji, mafuta ya breki, betri, feni belti kwa kidole gumba. Aliponiambia kwamba jeshini dereva alikuwa akifanya hivyo kila alfajiri kabla ya kuwasha, na tena jioni baada ya kufika, nilimwuliza jioni walikagua nini. Alisema jioni waligusa vikombe vya magurudumu kwa nyuma ya kiganja: gurudumu lenye moto kuliko wenzake lina breki inayong'ang'ania au beringi inayokufa.

Alipofika kwenye matairi akanionyesha tarakimu nne ubavuni: 0712. "Wiki ya saba, mwaka 2012. Meno yapo, lakini mpira umezeeka." Tena, alisema, tairi kubwa hulidanganya gari. Nilipiga hesabu mwenyewe barazani na nikaona ni kweli: kwa kipimo kile, sindano ya mwendo ikisoma 80, gari linakwenda karibu 86, na breki ni zile zile za tairi dogo.

Kisha akaiona karatasi ya gundi. Nikamweleza kwa furaha kwamba hilo halina shida, mkanda ulibadilishwa mwaka 2018.

"Gari hili liliingia Uganda lini?"

Nikatoa kadi. Lilisajiliwa mwaka 2009.

"Sasa mwaka 2018, Mwalimu, nani huku Uganda alikuwa akiandika Kijapani?"

Nilisimama kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Wajapani, pamoja na kalenda hii ya kwetu, wana hesabu yao inayoanza upya kila mfalme mpya anapotawazwa. Enzi iliyoanza mwaka 1989 ndiyo iliyoandikwa pale, na mwaka wake wa 18 ni 2006. Mkanda ambao hupaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 ulikuwa umefanya kazi tangu mwaka 2006, na hakuna ajuaye ni kilomita ngapi, kwa maana kihesabu maili cha gari lililopita mikononi mwa wengi si cha kutegemea. Mkanda huo ukikatika injini ikizunguka, vali na pistoni hugongana. Nikakumbuka mwendo wangu wa jana baada ya Lumino.

Mzee akafunga boneti. "Mama yako haingii humu."

Jumatatu alfajiri mama mkwe alikwenda Tororo kwa taksi, amebanwa kati ya binti yake na mwanamke mwenye kapu la samaki. Mimi nilibaki na gari chini ya mwembe. Sina la kuongeza juu ya siku hiyo.

Fundi alikuja kutoka Busia akiwa na mkanda mpya na roli yake ya kukazia. Ule wa zamani ulipotoka tulihesabu nyufa kwenye meno yake mpaka tukachoka. Akaishusha rejeta, tukaipitisha maji ya mvua kinyumenyume, ikatoa tope la rangi ya uji wa mtama, kazi ya madumu ya ziwa na bondeni yaliyomiminwa humo na wenye gari kabla yangu, na dumu langu moja pia. Katika kutafuta tukagundua kwamba themostati haikuwapo kabisa. Mtu fulani aliing'oa. Mafundi wengi wa kwetu huing'oa kwa imani kwamba huku kuna joto na haihitajiwi. Lakini ndiyo inayoongoza maji yapite wapi na lini, na katika injini nyingi ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani bila kupita katika rejeta hata kidogo. Tuliweka mpya, tukaweka kifuniko kipya, na badala ya maji matupu tukajaza maji safi yaliyochanganywa nusu kwa nusu na dawa ya rejeta, ambayo huzuia kutu na kuchelewesha mchemko.

Taa sita zilikuwa zimeziba upepo. Ziliondoka siku hiyo hiyo. Alizinunua mvuvi wa dagaa, kwa kuwa zinakubali betri, na fedha zake zilimlipa fundi sehemu ya ujira. Matairi mzee alikataa yasiuzwe kwa mtu yeyote mwenye roho. Yamelazwa kando ya nyumba, watoto huyakalia. Matairi ya kipimo cha asili niliyanunua mapya, mawili mwezi ule na mawili mwezi uliofuata, na bampa la chuma bado lipo kwa sababu kuling'oa nako kuna gharama.

Karatasi mpya ya gundi niliiandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili, mwaka kwa tarakimu zote nne. Ile ya Kijapani sikuibandua.

Majuma mawili baadaye nilimchukua mama mkwe Tororo, jicho moja likiwa limefunguliwa na la pili likingoja zamu yake. Aliketi safu ya nyuma kabisa na binti yake, kiti cha katikati kikiwa kitupu. Sindano ya joto haikuvuka nusu safari nzima, nami niliitazama kuliko nilivyoitazama barabara. Tulipopita Lumino alimwuliza kitu binti yake kwa sauti ya chini, na mke wangu akanifikishia: mama anauliza kama gari limebeba mayai, kwa maana hata pikipiki zinatupita, naye sasa anaziona.