Tumbo Likiuma Guangzhou

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekuja Guangzhou hujiandaa kwa kila kitu ila kuugua. Oda zimeandikwa, fedha zimegawanywa mafungu, namba ya ajenti ipo kwenye simu, na pembeni ya begi kuna Panadol, dawa ya kuhara na vidonge vya antibaiotiki vilivyonunuliwa bila cheti. Safari ni ya wiki mbili tatu, nani atakumbuka maradhi? Mimi naishi Xiaobei, wilaya ya Yuexiu. Nawatafsiria watu bei na kusimamia mizigo yao, na kwa miaka niliyokaa hapa nimesindikiza wengi hospitali. Malaria iliyotoka nyumbani, presha, sukari, mguu uliovunjika sokoni. Lakini ugonjwa ulionifundisha zaidi kuhusu sisi wenyewe ni kidole tumbo, kwa sababu hautaki mjadala na haungoji kontena lijae.

Chenyewe ni kijibomba kilichofungwa upande mmoja, cha urefu wa sentimita chache, kinachoning'inia pale utumbo mpana unapoanzia. Mlango wake ukiziba, mara nyingi kwa kinyesi kilichokauka au kwa kuvimba kwa kuta zake, bakteria huzaliana ndani, kinajaa, damu inashindwa kupita, na ndani ya siku moja mpaka tatu kinaweza kupasuka na kumwaga usaha tumboni. Nyumbani bado tunaambiana kwamba ni mchanga au mbegu za mapera. Mtoto hukatazwa mapera, na mtu mzima mwenye dalili zote huachwa alale na chai ya tangawizi. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka 1946, aliona kwamba maradhi haya yalikuwa nadra kwa watu wa vijijini kule, na mwaka 1971 akaandika kwamba huenda chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi ndicho kilichowakinga. Wazo lake limebishaniwa hadi leo. Ninachokiona mimi ni kwamba bado tunauchukulia kama ugonjwa wa watu wengine.

Guangzhou si mgeni wa tiba ya kupasua. Mwaka 1835 daktari Mmarekani Peter Parker alifungua hapa hospitali ya macho, ya kwanza China kwa mtindo wa Magharibi. Ilikua, ikahama, na leo ni Hospitali ya Kumbukumbu ya Sun Yat-sen, karibu na Mto Lulu. Sun Yat-sen mwenyewe, kabla hajawa baba wa jamhuri, alianza kusomea udaktari katika hospitali hiyo mwaka 1886. Mwaka huohuo, huko Marekani, Reginald Fitz wa Boston aliwaeleza madaktari wenzake kwamba ule uvimbe wa tumbo upande wa kulia uliokuwa ukiua vijana wenye afya huanzia kwenye kidole tumbo, na kwamba dawa yake ni kukitambua mapema na kukitoa mapema. Tangu hapo vyombo vimebadilika sana. Mwaka 1980 Kurt Semm wa Kiel, Ujerumani, alikitoa kwa kupitisha kamera na vifaa kwenye matundu madogo, na hospitali nyingi za hapa hufanya hivyo sasa. Neno "mapema" halijabadilika.

Wala daktari wa Kichina si mgeni kwetu. Timu ya kwanza kutoka Jimbo la Jiangsu ilifika Zanzibar mwaka 1964, na wale wa Shandong walifika Tanzania Bara mwaka 1968. Kuna wazee Unguja na Pemba ambao kovu lao la tumbo ni kazi ya mikono ya Mchina, na wanamtaja kwa heshima. Kwa hiyo mtu akiniambia hapa Guangzhou kwamba anamwogopa daktari wa Kichina, huwa najua anaogopa kitu kingine. Anaogopa dirisha la malipo, maana hospitali huomba amana kabla ya kukulaza. Anaogopa kuulizwa pasipoti, hasa kama viza imebaki siku chache au imekwisha. Anaogopa kushindwa kujieleza. Na wale waliokuwepo Aprili 2020, Waafrika walipotolewa kwenye nyumba za kupanga na hoteli wakati wa korona, wanabeba hofu ambayo siwezi kuwalaumu kwayo.

Nitasimulia kisa cha mmoja, kwa idhini yake, bila jina. Sote tulimwita Shangazi, mama wa miaka arobaini na ushee, muuza samani. Tulikuwa Foshan, mji wa jirani, ghalani, tunahesabu viti vinavyoingia kontenani. Asubuhi alisema tumbo linamsokota karibu na kitovu. Akalaumu chakula cha jana, akameza Panadol, akaendelea kuhesabu. Mchana hakutaka kula, naye ni mtu wa kula. Jioni maumivu yalikuwa yameshuka upande wa kulia, chini, na tukirudi mjini kila gari liliporuka kwenye tuta alikunja uso na kushika ubavu. Nilimwomba twende hospitali usiku uleule. Akasema, "Mwanangu, kesho tunafunga kontena. Nikilazwa leo, nani atanihesabia mzigo?"

Swali hilo nalifahamu vizuri mno. Kwenye kontena lile kulikuwa na mkopo wa benki, fedha za kikundi cha kina mama na ada ya watoto wawili. Anayesema mtu kama huyo ni mpumbavu kwa kuchelewa hajawahi kusafiri na fedha za watu. Nilimjibu kwamba mzigo nitauhesabu mimi na vijana wangu, kila kiti tukipiga picha na kumtumia. Hakujibu. Alipokubali hatimaye, saa saba za usiku, ilikuwa kwa sababu dada mmoja Mganda wa chumba cha pili alikuja, akakaa kitandani kwake, akamwambia, "Tunakwenda wote."

Kwenye idara ya dharura nesi alimpima joto na presha, akatuelekeza kwa daktari wa upasuaji. Kijana, macho mekundu kwa kukesha. Watu wengi hufikiri mashine ndiyo hutambua ugonjwa. Yule daktari alianza na maswali. Maumivu yalianzia wapi? Yamehama? Umetapika? Hamu ya kula? Umemeza dawa gani? Mkalimani wa bei amezoea kufupisha, kwa sababu muuzaji anataka tarakimu tu. Hospitali ni kinyume chake. Nilitafsiri kila neno, hata yale yaliyoonekana hayana maana, na alipofika kwenye "kwanza kitovuni, halafu yakashuka huku" daktari alinyanyua kichwa. Safari hiyo ya maumivu ni dalili inayojulikana dunia nzima, Muhimbili, London na hapa. Vidonge vya kutuliza maumivu pia alitaka kuvijua vyote.

Kisha akauliza tarehe ya mwisho ya hedhi. Shangazi akanyamaza, akanitazama, akatazama ukuta. Nilitoka nje ya pazia, yule dada Mganda akachukua nafasi yangu na kuandika tarehe kwenye karatasi. Swali lile halikuwa la udadisi. Kwa mwanamke, maumivu ya upande ule yanaweza kuwa mimba nje ya kizazi au uvimbe wa kifuko cha mayai, na kukosea hapo ni hatari. Ndiyo maana hupimwa mkojo na ujauzito pamoja na damu. Tangu usiku ule, nikimsindikiza mama yeyote, natafuta mwanamke mwenzake aje naye, hata kama hajui Kichina. Kuna mambo ambayo mgonjwa hatayasema mbele yangu, na ugonjwa hauwezi kutibiwa kwa yale tu asiyoona haya kuyasema.

Damu ilionyesha seli nyeupe zimepanda. Altrasaundi haikuonyesha vizuri kwa sababu ya gesi, wakampeleka kwenye CT, nayo ikaonyesha kidole tumbo kimevimba lakini hakijapasuka. Daktari akaleta fomu.

Sheria ya Kiraia ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, inamtaka daktari aeleze hatari za upasuaji na apate ridhaa ya wazi ya mgonjwa, au ya ndugu wa karibu pale isipowezekana kumweleza mgonjwa. Kwa dharura ambayo ridhaa haipatikani, mkuu wa hospitali anaweza kuidhinisha. Lakini desturi ya hapa ni kwamba ndugu husimama pale na kusaini pamoja. "Ndugu yake nani?" daktari aliuliza. Shangazi alisaini mwenyewe, kisha akaandika kwamba mimi na yule dada tunaruhusiwa kupewa taarifa zake na kusimamia mambo yake akiwa usingizini. Nilimsomea ukurasa mzima: kutoka damu, maambukizi, utumbo kujeruhiwa, dawa ya usingizi kumdhuru. Akaniuliza, "Mwanangu, hayo yote yatanipata?" Nikamwambia ndiyo yanayoweza kutokea, na daktari anasema kwa wengi hayatokei, ila kungoja ni hatari zaidi. Akasema Bismillahi, akaweka sahihi.

Nimefikiria sana sahihi ile. Ukoo wake wote ulikuwa Dar es Salaam umelala, na mumewe hakupokea simu. Waliosimama kama ndugu zake ni Mganda aliyemfahamu kwa siku kadhaa na mkalimani anayelipwa kwa mzigo. Undugu wa ugenini hupatikana hivyo, kwa haraka, na ni undugu wa kweli.

Upasuaji ulipita salama, matundu matatu, usaha kidogo. Wodini tuligundua kwamba hospitali za huku zinafanana na zetu kuliko tulivyotarajia. Manesi huchoma sindano na kutundika dripu, lakini kumgeuza mgonjwa, kumnawisha, kumletea chakula na kumsindikiza chooni ni kazi ya muuguzaji wake. Asiye na ndugu hukodi mtu. Wakipita, manesi waliuliza jambo moja: ametoa hewa? Kwao ni ishara kwamba utumbo umeamka na mgonjwa anaweza kula. Shangazi aliona aibu siku nzima, na habari njema ilipopatikana tulishangilia kama waliopokea mtoto. Akapewa uji mweupe wa mchele na maji ya moto. Uji ule, alisema, ni wa kwao Tanga, umekosa nazi tu.

Mwaka 1971 mgonjwa mwingine alipitia Guangzhou. James Reston, mwandishi wa New York Times, aliingia China kwa njia ya kusini mwezi Julai, akawekwa siku mbili eneo hili bila kuambiwa sababu. Kumbe Henry Kissinger, mshauri wa Rais wa Marekani, alikuwa Beijing kwa siri. Reston alipofika Beijing, kidole tumbo kikamshika, kikatolewa tarehe 17 Julai kwa ganzi ya kawaida ya sindano. Baadaye tumbo lilipomsumbua akachomwa zile sindano nyembamba za Kichina, na Magharibi yote ikazungumzia sindano hizo. Mimi naona jambo jingine katika kisa chake. Waziri Mkuu Zhou Enlai aliwaomba wataalamu 11 washirikiane kumhudumia. Mgeni wa serikali alikuwa na watu. Kidole tumbo chake hakikuwa tofauti na cha Shangazi.

Hata Leonid Rogozov, daktari Mrusi aliyejipasua mwenyewe kidole tumbo Antaktika tarehe 30 Aprili 1961 kwa kuwa hapakuwa na daktari mwingine, hakufanya peke yake. Mwenzake mmoja alimpa vifaa, mwingine akamshikia kioo. Hawakuwa waganga. Walikuwepo tu, wakatii alichowaambia.

Kuna watakaosema siku hizi kidole tumbo hutibika kwa antibaiotiki. Ni kweli kwa baadhi, na ni utafiti wa maana. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2020, lenye wagonjwa wazima 1,552, lilionyesha kwamba kati ya waliopewa antibaiotiki, karibu 3 katika kila 10 walifanyiwa upasuaji ndani ya siku 90. Wale walikuwa wamepimwa na walifuatiliwa na madaktari. Vidonge vilivyo pembeni ya begi lako, ukivimeza chumbani bila kipimo, huenda vikatuliza maumivu huku usaha ukiendelea.

Kwa hiyo nawaomba wanaosafiri na wanaotuma wasafiri. Toa fungu la amana ya hospitali kabla hujagawa fedha za oda, na usiliguse hata kiti kikishuka bei. Andika kwa Kiswahili na Kichina dawa unazotumia na zinazokudhuru, uweke ndani ya pasipoti. Mchague mapema mtu wa kukusimamia hapa, na mama amchague mwanamke. Sisi tunaoishi Guangzhou, Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongo, tuwe na mfuko wa wagonjwa kama tulivyo na mfuko wa misiba, kwa sababu tunachanga haraka kusafirisha maiti na polepole kumlaza aliye hai. Na tumbo likianza kitovuni kisha likashuka kulia, hamu ya kula ikapotea, usile, usiongeze kidonge, usingoje kontena. Mwamshe jirani. Gari la wagonjwa China nzima huitwa kwa namba 120.