Neno la Mshindi

Mpwa wangu mpendwa,

Taarifa zako za mpira katika lile gazeti la Kiingereza nazisoma zote. Mama yako huniletea hata nisipoomba. Unaandika vizuri. Ila neno exultant umelizoea mno. Kocha aliyeambulia sare ni exultant, na shabiki aliyegaiwa jezi ya bure naye ni exultant. Hapo sikubaliani nawe.

Asili yake ni Kilatini, kurukaruka, lakini si kila anayeruka analistahili. Ni la aliyeshinda baada ya kunyimwa, furaha ikamzidi nguvu mpaka wote wakaiona.

Chukua Machi 24, 2019, Uwanja wa Taifa. Taifa Stars walikuwa hawajacheza fainali za Mataifa ya Afrika tangu 1980 kule Nigeria. Siku hiyo hata ushindi dhidi ya Uganda peke yake usingetosha. Ilibidi pia Lesotho wasishinde ugenini Cape Verde. Msuva akafunga, Nyoni akatia penalti, Aggrey Morris akaongeza la tatu. Uganda hawakupata kitu, na kule Cape Verde, Lesotho wakatoka sare tasa. Mweleze msomaji kwanza ile miaka 39 na lile sharti la Lesotho, ndipo uwaite mashabiki exultant. Na usimfiche kwamba Uganda walikuwa wameshafuzu. Wenzako wengi hulipita hilo kimyakimya.

Au mwanariadha Kipchoge, Vienna, Oktoba 12 mwaka huohuo. Mwishoni wasindikizaji wake walimpisha atangulie peke yake, naye akawa anawanyooshea kidole watu wa pembeni, akamaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 huku akijipiga kifua. Muda ule haukuingizwa katika rekodi rasmi, lakini hakuna aliyemzuia kushangilia.

Jihadhari na jambo jingine. Neno hili lina ukali. Ukilisogeza karibu na jina la aliyefungwa, msomaji husikia kejeli, kana kwamba mshindi anamcheka mwenzake. Kwa mechi za Simba na Yanga hilo si dogo: nusu ya wasomaji wako wamefungwa siku hiyo, na barua zao mhariri atakukabidhi wewe uzijibu.

Mechi ya Jumamosi hii iandike bila neno hilo hata mara moja, kisha unitumie kabla hujampelekea mhariri.

Mjomba wako