Barua ya Griftu: mwenyekiti wa ukoo mdogo

Somo yangu,

Uliniambia Griftu ni mwisho wa dunia. Si kweli, gari linalotoka hapa linaendelea hadi Eldas, na wanaokwenda Buna nao wanalalamika nauli kama watu wa Likoni. Mimi nimevuka Tana, nikapitia Garissa, nikapita Modogashe na Habaswein mpaka Wajir mjini, halafu gari dogo lililojaa unga, mafuta ya kupikia na akina mama watatu waliojua safari yangu yote kabla sijamaliza kufunga mlango. Nyuma tulikalia magunia. Nywele zangu usiniulize.

Griftu yenyewe ni makao makuu ya Wajir Magharibi: maduka, msikiti, hospitali, na chuo cha serikali kinachofundisha wafugaji mambo ya mifugo. Pembeni kuna nyumba za aqal, za miti iliyopindwa na mikeka, zile ambazo zamani mwenye nyumba alizifungua na kumtwisha ngamia mji ulipohama. Nyingi sasa hazihami tena. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na katika maeneo kame ya Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Aliyepoteza wanyama wake huja kukaa karibu na barabara, karibu na kisima. Basi kazi ya kumhudumia aifanye nani?

Hilo ndilo lililonileta. Nilitaka kuona vikundi vidogo vinavyogawana kazi mahali ambapo serikali iko mbali na wafadhili huja na kuondoka. Nilidhani nitakuta ofisi na vibao. Vibao vipo, vingine vimepauka hata jina la mfadhili halisomeki. Kazi yenyewe niliikuta chini ya mti, kwa akina mama wa maziwa.

Wana ayuto, somo, ule ule mchezo wetu wa kuchanga na kupokea kwa zamu. Lakini ayuto yao haikai peke yake. Mmoja wao ni mhudumu wa afya ya jamii, katika wale waliopewa mkoba na simu mwaka 2023. Akipita nyumbani akapima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi, ukasoma nyekundu, humwandikia mama aende hospitali. Lakini mama ataendaje, na mbuzi nani atamchunga? Hapo wenzake wa ayuto hutoa nauli na mtu wa kukaa na wanyama. Kamati ya kisima nayo inajua kwamba nyumba hiyo isidaiwe pesa za maji mpaka mtoto apone. Hakuna mkataba uliotiwa saini. Nilipouliza mratibu ni nani, walitazamana wakacheka, kisha mmoja akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia, nadhani ili ninyamaze. Ile harufu ya moshi wa kibuyu utaizoea, nakuahidi, ukifika kikombe cha tatu.

Sasa, usidhani ni hulka tu ya watu wema. Wajir walijifunza kwa gharama. Kati ya 1992 na 1995 koo zilipigana humu, na inakadiriwa watu zaidi ya 1,200 waliuawa. Ilifika mahali mwanamke wa ukoo mmoja hawezi kununua wala kuuza kwenye soko la Wajir mbele ya mwanamke wa ukoo mwingine. Ndipo Dekha Ibrahim Abdi na wenzake wachache, wengi wao wanawake waliosoma, walipoanza na soko. Hawakuanza na maafisa. Walikwenda kwa wauza maziwa wenyewe, wakaunda kamati ya kuangalia kwamba kila mwanamke, wa ukoo wowote, anauza na kununua bila kusumbuliwa.

Soko lilipotulia wakawaendea wazee. Na hapa ndipo ninapotaka usikie vizuri. Mazungumzo ya wazee hawakuyaongoza wale wa koo kubwa zilizokuwa zikipigana. Waliwatafuta wazee wa ukoo mdogo, usio na upande wa kuutetea, ili hao ndio washike usukani. Koo kubwa hazikuwa na cha kuwahofia. Mwezi Septemba 1993 likatoka Azimio la Al-Fatah, lililoeleza jinsi ya kurudisha mifugo iliyoibwa na jinsi ya kulipia damu. Vijana wakaunda kundi lao, wafanyabiashara wakachanga pesa, na mwaka 1995 makundi yote yakakusanywa kwenye Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ndani ya mipango ya maendeleo ya wilaya, ili mkuu wa wilaya na wenye vikundi wakae meza moja. Baadaye kamati za amani za wilaya nyingine Kenya zikafuata mfano huo. Dekha alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki 2011 baada ya ajali ya gari. Allah amrehemu.

Hata kabla ya vita hivyo kulikuwa na Annalena Tonelli, Mwitalia, aliyeona wagonjwa wa kifua kikuu wa kuhamahama wakiacha dawa njiani. Kuanzia 1976 akawajengea manyatta pembeni mwa Wajir, wakae na jamaa zao mpaka watumie dozi yote. Ukiniuliza, ndiyo elimu ile ile: huduma ihamie kwa mtu, isimngoje mlangoni.

Si kila kitu ni sukari. Mzee mmoja wa kamati ya kisima aliniambia mashirika makubwa yakija na ukame, kila moja huunda kamati yake, na watu walewale kumi huketi kwenye kamati nne wakijaza karatasi nne za posho. Ukame ukiisha, kamati hufa, na jenereta hubaki bila mtu wa kuitia mafuta. Nilimwuliza dawa ni nini. Akasema mgeni aulize kwanza kamati iliyopo. Jibu fupi namna hiyo hupati kwenye semina.

Nafikiri sheria mpya imewasaidia kidogo. Tangu 2022 kikundi cha jamii chenye watu wasiopungua 10 kinaandikishwa kisheria, na tangu Mei 2024 mashirika ya manufaa ya umma nayo yana sheria yao, baada ya kuingoja tangu ilipopitishwa 2013. Kikundi cha akina mama wa hapa kina cheti, kimewekwa ndani ya sanduku la bati pamoja na daftari la ayuto. Daftari ndilo walilonionyesha kwanza.

Basi nina swali kwenu pale Kisauni. Kile kikundi chenu cha taka, na kile cha wajane, na kile cha vijana wa mpira, kwa nini mpaka leo hamjaweza kukaa kikao kimoja bila kuondoka mmenuna? Nimejibu mwenyewe njiani: kila mara mwenyekiti anatoka kwa kikundi kikubwa. Safari hii mpeni wajane. Wako sita, hawana mgombea, na Bi Mkubwa wao hamwogopi mtu. Nikirudi nataka kusikia mmeshakutana, na usiniambie mlingoja mfadhili alete soda.

Nyirinyiri, ile nyama ya kukaushwa, nimekuwekea kopo moja. Shemeji asiligundue kabla yako.

Wako,
Somo